Lipu ya Siku Moja

Nimeishi katika mji huu tangu nilipozaliwa, au tangu nilipofika. Siku hizi siwezi kukuapia ni lipi kati ya hayo mawili. Mji umekaa juu ya kilima, juu ya mji imekaa minara, na juu ya minara wamekaa njiwa wasio na habari na mtu. Kila ukoo uliowahi kupata sababu ya kuringa ulijenga mnara wake, mwembamba, mrefu, bila dirisha la maana, ndani ngazi na giza tu. Hakuna anayekaa mle kwa raha. Mnara haukujengwa ili ukaliwe. Ulijengwa ili jirani aamke asubuhi akute umemzibia jua. Niliwahi kuuliza, enzi hizo nikiwa bado mtu wa kujibiwa, kwa nini watu wanaopenda kujitenga hivi wamejenga kwa kubanana kiasi hiki. Nikaambiwa kivuli hakina faida kama hakuna wa kumwangukia. Jibu hilo lilinichekesha ujana wangu wote. Sasa halinichekeshi.

Lakini huo ni mji wa nje, ule wa mawe, na mji wa nje si hoja. Mji hasa uko ndani, katika ukumbi wa Jumba la Baraza, kwenye ukuta mmoja mpana ulioelekeana na madirisha. Umechorwa wote. Minara ipo, myekundu na ya waridi, imebanana kama huku nje. Mshona viatu yupo kibandani kwake, mwanamke anapita na punda aliyebeba kuni, wasichana wameshikana mikono wanacheza katikati ya njia, waashi wako juu ya jukwaa wanamalizia paa. Nje ya lango mashamba ya mizabibu yanateremka taratibu mpaka bondeni, na watu wanavuna. Kule ukutani ni msimu wa mavuno daima, asubuhi, jua limepanda kidogo. Ndiyo maana huku nje, hata theluji ikianguka, utamsikia mtu akimuuliza mwenzake zabibu zinaendeleaje, na mwenzake akipuliza vidole vilivyokufa ganzi atajibu kwamba mwaka huu zimejaa.

Kipi kilitangulia, mji au picha yake? Swali hili nimelala nalo na kuamka nalo. Wakubwa wa Baraza husema mji ulitangulia na mchoraji akauiga. Wanasema hivyo kwa sababu ndivyo inavyopaswa kusemwa. Lakini nimeona kwa macho yangu mnara ukichorwa ukutani majira ya baridi, na majira ya joto mawe yake yakaanza kupandishwa kilimani kwa mikokoteni. Na nimeona kinyume chake. Ukoo mmoja ulipochukiwa, Baraza halikutuma askari. Lilituma mtu mwenye ndoo ya chokaa na brashi. Kufikia jioni watu wa ukoo ule walikuwa wamesimama chini ya mnara wao wenyewe, wanawauliza wapita njia kulikoni, na wapita njia wanapita.

Asiye ukutani haonekani, basi. Sisemi anadharauliwa. Kudharauliwa kunahitaji mtu wa kukudharau, na huyo naye ni mwenzi wa aina yake. Asiye ukutani macho humpita tu, na anayempita hana hatia yoyote moyoni.

Desturi yetu ni kwamba mtu akifunga ndoa, au akikubaliwa kuhamia, hupewa siku yake ukutani. Alfajiri mchoraji hupiga lipu mbichi ya chokaa na mchanga kwenye kipande kidogo, kile tu anachoweza kukimaliza kabla hakijakauka. Rangi ikipakwa juu ya lipu mbichi hunywewa ndani, na vikikauka pamoja vinakuwa jiwe moja, hata ukiosha haitoki. Kipande hicho tunakiita siku. Ukisogea karibu utauona mstari mwembamba pale siku ya mtu mmoja inapokutana na siku ya mwingine. Mume na mke hapa hawasemi wameoana. Wanasema tuko siku moja. Nasi tulisema hivyo, mimi na Tesa.

Naomba nisimame kidogo kwenye kanisa kuu, maana kila nikifika kwenye jina la Tesa miguu yangu hutafuta pa kupumzikia. Ukutani kanisa letu limekamilika: mistari ya mawe meusi na meupe, matao, paa la buluu lenye nyota. Huku nje ulisimama ukuta mmoja, mrefu kupita akili, wenye dirisha kubwa la mviringo ambalo pande zake zote mbili ni mbingu. Mwaka walipokuwa wakiujenga yalikuja maradhi, waashi wakafa na kamba mikononi, na hakuna aliyerudi kuuliza kazi ilifikia wapi. Basi watu huvua kofia wakikatiza uwanja ule mtupu. Huongea kwa kunong'ona. Na wakifika mahali ambapo ukutani pana nguzo, huizunguka. Wageni hucheka. Mimi mwenyewe nimezikwepa nguzo zile maisha yangu yote, na bega langu la kushoto lingali linazijua moja moja, ingawa hakuna aliyewahi kuzichonga. Nilikuwa mchonga vizingiti. Najua jiwe lilipo na lisipokuwepo. Hata hivyo nilizunguka.

Sasa siku yetu.

Mchoraji wa Baraza wakati ule alikuwa Lapo, mtu mfupi, mwenye mikono mepesi na mdomo mzito. Alipiga lipu yetu kabla jua halijachomoza, kipande cha kututosha wawili, akaanza na Tesa. Alidhani atammaliza kabla ya adhuhuri. Hakumjua mke wangu. Tesa hakuweza kukaa kimya. Alimsimulia Lapo habari za mbuzi wa jirani, akamuuliza kwa nini malaika wote wana pua moja, akageuka kila dakika kuona kama bado nipo, na kila mara aliniona nimesimama mbali kidogo kwa aibu, akaniambia, "Sogea karibu." Lapo alifuta ule mdomo na kuuchora upya, akafuta tena. Alipoupata hatimaye, nusu wazi, katikati ya neno, alirudi nyuma akautazama kwa muda mrefu. Ni uso mzuri kuliko zote ukutani, na simsifu kwa sababu ni wangu. Wageni huletwa kuutazama.

Lakini jua lilikuwa linazama na lipu upande wangu ilikwisha kauka. Mwili wangu alikuwa ameuwahi, koti na mikono na kofia iliyoshikwa kifuani. Uso haukuwepo. Kazi inavyotaka, pale Lapo angepaswa kukata sehemu iliyokauka, kuibandua, na kunipa lipu mpya kesho yake. Aliniambia hivyo kwa uungwana. Ni Tesa aliyekataa. Alisema kesho ni siku nyingine, na yeye hakuolewa na mtu wa siku nyingine. Nami, mjinga niliyejaa furaha, nikamuunga mkono. Lapo akashusha pumzi, akapasua yai, akakoroga rangi na kiini chake, akanichora juu ya ukavu.

"Yai litashika," alisema.

Yai likashika. Lilishika miaka mingi, kwa kadiri miaka inavyohesabika mahali ambapo ni mavuno daima. Kisha likaanza kuchoka.

Lilianza sikio. Nilikwenda ukumbini siku moja, kama tunavyokwenda wote, kujiangalia tu na kurudi, nikaona sikio langu limebaki doa jeupe. Sikujali. Nani hupoteza usingizi kwa sikio? Wiki ile muuza mkate aliwahudumia watu waliokuja nyuma yangu, kisha akafunga dirisha. Nilifikiri amenuna. Baadaye lilibanduka shavu, na bwana aliyeniagiza kizingiti cha ghala lake akakipeleka kwa mchongaji mwingine huku mimi nimesimama naye mlangoni, nimeshika kamba ya kupimia. Watu waliotaka kunisalimia walinisalimia kwa majina ya wengine: ya marehemu kaka yangu, ya mtu aliyehama, ya mtu ambaye naamini hakuwahi kuwepo. Niliitika yote. Ukikaa na njaa ya salamu, utaitika jina lolote.

Nilijaribu kujikumbuka. Nikainama kisimani, lakini maji yalikuwa mbali na ndoo ilikuwa ikipita. Pua yangu ilikuwa ya namna gani? Ndefu. Au hiyo ilikuwa ya baba. Nani anayesema mimi ndani ya mtu ambaye uso wake ni magamba sakafuni? Kama Baraza lingenifuta ningekuwa na wa kumlaumu, ningekwenda kupiga kelele mlangoni. Hakuna aliyenifuta. Nilianguka mwenyewe, kipande kwa kipande, mfagizi wa ukumbi akanizoa pamoja na vumbi la viatu. Upweke nilioufahamu zamani ulikuwa kukosa watu. Huu ni mwingine. Huu watu wapo, wamejaa, unagusana nao sokoni, na anayekosekana ni wewe.

Haya yote ningeyamudu. Nilikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba alikuwepo Tesa, aliyekuwa akinicheka kila nilipomsimulia habari za muuza mkate. Aliniambia labda nimekonda. Kisha nikaanza kumkuta amekaa kimya nikiingia, akinitazama kidogo kuliko kawaida, kama mtu anayetafuta alikoweka funguo. Akaanza kutandika upande mmoja wa kitanda. Asubuhi moja nilitoka chumbani akashtuka, akaniuliza kwa adabu ni nani aliyenifungulia. Nikacheka. Naye akacheka, akashika kichwa, akasema, "Ala, ni wewe," lakini jina langu hakulisema, na mkono alioniwekea begani ulikuwa mwepesi mno. Nikapiga moyo konde, nikaenda ukumbini. Ukutani nilibakiwa na jicho moja na kipande cha paji. Hivyo tu ndivyo vilivyokuwa vimebaki kati yangu na mke wangu.

Lapo alikuwa bado hai. Amezeeka, anakaa kwenye chumba kimoja kilichojengwa ndani ya tao la ule ukuta mmoja wa kanisa lisilokuwepo, akiota moto wa vijiti. Nilisimama mlangoni nikijiandaa kujieleza mimi ni nani, kazi ambayo nilikuwa nimeshaizoea na kuichukia.

"Nuto," akasema. "Ingia, mlango unapitisha baridi."

Nilikaa chini nikalia. Sioni haya kulisema. Nilikuwa sijalisikia jina lile kwa muda usiojulikana. Nikamuuliza ananijuaje na uso umekwisha. Akasema kwamba yeye hanijui kwa ule uso wa juu. Chini ya lipu, alinieleza, kwenye jiwe lenyewe, kuna mchoro wa kwanza. Kila mtu kabla ya kuchorwa kwa rangi huchorwa kwanza kwa udongo mwekundu, mistari tu, haraka, ili mchoraji ajue nani anasimama wapi. Kisha lipu huufunika na hakuna atakayeuona tena.

"Wewe uko pale chini mzima," akasema. "Pua, masikio, yote. Nilikuchora kwa mara moja, wala sikufuta."

Nikamuuliza basi inakuwaje nimepotea na kumbe niko. Akaniangalia kwa huruma iliyochanganyika na uchovu, akasema kuwepo na kuonekana ni kazi za mafundi wawili tofauti, na yeye alilipwa kwa ile ya pili.

Nikamwomba anichore tena. Alichochea moto. Kisha akanieleza kilichohitajika, na alinieleza polepole kama mtu anayejua kila neno litaangukia wapi. Rangi mpya ya yai haitashika juu ya magamba ya ile ya zamani. Ingedumu siku chache. Ili nipate uso wa kudumu inabidi lipu ibanduliwe, ipigwe mpya. Na lipu ya siku moja, jioni ile ile hukatika, lakini ikishakomaa haibanduliki nusu. Ukigonga upande mmoja, wote unakuja, kwa sababu ulikauka kwa pumzi moja.

"Na Tesa?" nikauliza.

"Tesa yumo."

"Utamchora tena."

Aliinua mkono wake wa kulia akauweka mbele ya moto ili niuone. Ulikuwa unatetemeka. Hata alipoushika kwa ule wa kushoto, ulitetemeka.

"Nitachora mwanamke," akasema. "Siwezi kukuahidi kwamba atakuwa yeye."

Akanisimulia juu ya mke wa mtengeneza mapipa, ambaye siku yake iliharibiwa na mvua iliyopenya paani ikapigwa upya zamani, mkono wa Lapo ukiwa bado mzima. Alitoka mzuri kuliko alivyokuwa. Lakini hakuupenda tena wimbo aliokuwa akiuimba akifua, na mumewe alikuja mara nyingi kusimama mbele ya ukuta, akitafuta mahali mchoraji alipokosea, wala hapakuwa na kosa.

Tulikwenda ukumbini mchana ule ule, yeye akijikongoja na fimbo, mimi nimebeba nyundo na patasi. Usinione katili. Nilikwenda nikiwa nimekwisha amua. Nilijiambia kwamba mke asiyenijua na mke aliyebadilika ni hasara moja, na katika hii ya pili angalau mimi nitakuwepo. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyetaka tuwe siku moja. Nilijiambia mengi njiani. Tulipofika uwanja wa kanisa kuu tukazizunguka nguzo, wazee wawili, kwa heshima zote.

Ukumbini hapakuwa na mtu. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa madirisha likaukuta ukuta wote, na mji ulikuwa katika asubuhi yake, na watu wanavuna. Lapo akaonyesha kwa fimbo mahali pa kuanzia, pembeni, kwenye ule mstari mwembamba. Nikaweka patasi. Nikainua nyundo. Nikafanya kosa la kumtazama.

Alikuwa amegeuza shingo kunielekea, mdomo nusu wazi. Nilikuwa nimeutazama uso ule maelfu ya mara na sikuwahi kujiuliza alikuwa anasema nini. Watu huusifu kwa tabasamu, na haikuwa tabasamu. Alikuwa katikati ya neno, na neno lile nililijua, niliambiwa mimi, mchana kutwa, nikiwa nimesimama mbali kwa aibu. Kizazi baada ya kizazi ataendelea kulisema, na pale anapolisemea, kando yake, amesimama mwanamume mwenye koti na mikono na kofia, asiye na uso. Kama ningegonga, ningerudi mimi, na hilo neno lingekwenda na vumbi. Nani angeniambia tena? Mwanamke mzuri aliyechorwa na mkono unaotetemeka?

Niliushusha mkono. Nyundo nikampa Lapo, naye akaipokea bila kuuliza. Nilitaka tu kuliaga lile jicho langu. Nikaweka kiganja juu yake, kwa upole, kama unavyomfumba macho mtu aliyekata roho, na nilipokiondoa jicho lilikuwa kiganjani, jepesi kuliko ganda la kitunguu. Likavunjika nilipokunja vidole. Lapo akasema jina langu kwa sauti ya chini. Nikajua kwamba baada yake halitasemwa.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Nilisimama nje ya kizingiti, kizingiti nilichokichonga mwenyewe mwaka tulipooana, jiwe moja la kijivu lenye mchongo wa mzabibu ambao nilipata nao taabu sana na haukutoka vizuri. Tesa alikuwa anakanda unga. Aliinua macho, akanitazama kama tunavyowatazama wageni wa njia, wale ambao desturi inatutaka tuwape mkate na maji bila kuwapitisha ndani. Sijui kwa nini aliniona. Wengine wasingeniona.

"Karibu, mgeni," akasema. "Kaa hapo. Mkate upo, chumvi ndiyo hatuweki huku kwetu."

"Najua, Bi," nikasema.

Nilikaa juu ya mzabibu wangu. Aliniletea mkate na kikombe cha maji, akauliza kama nimetoka mbali. Nikatazama uchochoro, ukuta wa jirani, mnara unaotuzibia jua, kigingi nilichokuwa nikitundikia koti.

"Mbali kidogo."

Akaniuliza zabibu zilikuwaje huko nilikopita. Nikamwambia zimejaa. Upepo wa bondeni ulikuwa umeanza kupanda, ule wenye baridi ya kwenye mifupa, nami nilikuwa nimekaa ukingoni kabisa mwa jiwe kama mtu asiyetaka kusumbua. Alikuwa amekwisha nipa kisogo kurudi kwenye unga wake. Akasita. Akageuza shingo, na mdomo wake ukafunguka nusu, na nikauona ule uso.

"Sogea karibu," akasema. "Huko kuna upepo."

Nikasogea, hadi pale desturi inapomruhusu mgeni, mgongo wangu ukagusa mwimo wa mlango. Akarudi kukanda.